Sakafu inabonyea, taa zinacheza: kutafuta ugonjwa wa trela la zamani la kulala

Mtu akinunua trela kuukuu la kusafiria, lile la kuvuta nyuma ya gari lenye kitanda na jiko ndani, huwa anaanza na rangi na mapazia, halafu mwezi wa pili mguu unazama sakafuni au taa ya breki inawaka ukiweka indiketa, ndo anaanza kuuliza. Na maswali ni yaleyale kila siku. Nimeyapanga hapa kwa dalili, sababu inayotokea sana inaanza na ile ya nadra inakuja mwisho, maana nimeona watu wananunua plaiwudi nzima kumbe tatizo ni raba ya dirisha.

Kabla hujashika chochote: chomoa umeme wa nje, toa waya wa hasi kwenye betri, funga mtungi wa gesi. Weka kabari kwenye matairi, na ukiinua trela stendi zikae chini ya fremu yenyewe karibu na ekseli, sio kwenye vile vimiguu vya pembeni, vile ni vya kuzuia trela lisitikisike tu, ukiingia chini yake umejiua. Vifaa vya kuanzia ni multimeta (mita ya kupimia umeme), bisibisi nyembamba yenye ncha, tochi, chaki, na simu ya kupigia picha kila kitu kabla hujakifungua. Kila kitu, narudia, maana baada ya wiki mbili hukumbuki ule waya mweupe ulikuwa umeshika wapi.

Mambo mawili ya afya nayo. Vigae vya vinaili na ile gundi nyeusi chini yake, kama trela ni la kabla ya miaka ya 1980, vinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo usisage wala usikwangue vikiwa vikavu mpaka kipande kimepimwa maabara, na kikikutwa nayo waachie wenye kazi hiyo. La pili ni kinyesi cha panya, usifagie kikavu, lowesha kwanza kwa maji yenye klorini, vaa barakoa na glavu, ndo ufute.

DALILI: Sakafu inabonyea ukikanyaga

Hii ndo mama wa dalili zote. Chukua bisibisi, piga magoti, uchome sakafu kila baada ya sentimita 10 kufuata kuta, halafu kuzunguka sinki, choo na juu ya matairi. Mbao nzima inakataa, mbovu inameza ncha kama keki. Kila inapozama weka alama ya chaki, ukimaliza simama uangalie ile ramani, yenyewe itakwambia maji yanatoka wapi.

Mara nyingi sana maji yanatoka juu. Alama zikiwa chini ya dirisha, ni raba ya dirisha au gundi iliyokauka kwenye fremu yake. Zikiwa kwenye pembe mbili za nyuma, cheki maungio ya nyuma ya bodi na zile taa za nyuma, maana raba nyuma ya taa zikishapasuka maji yanateremka ndani ya ukuta kimyakimya miaka na miaka. Mlangoni ni kizingiti. Katikati mbali na kuta, angalia tundu la hewa la kwenye paa.

Halafu kuna maji ya ndani. Kama alama imezunguka sinki au choo, jaza tangi, washa pampu, funga mabomba yote ukae kimya usikilize. Pampu ikijistua yenyewe kila baada ya dakika kadhaa na hakuna aliyefungua bomba, kuna mahali panavuja, funga karatasi za kujifutia kwenye kila maungio uone ipi inalowa.

Ya tatu ni maji ya chini. Ule mstari wa ubovu unaofuata matairi ni tairi linarusha maji kupitia mwanya wa boksi la tairi. Na matrela yaliyofungwa bati chini, bati likitoboka maji yanaingia na hayatoki, yanakaa humo kama bakuli.

Kuna pia sakafu inabonyea lakini bisibisi haiingii. Hapo plaiwudi haijaoza, tabaka zake zimeachana, au boriti ya chuma inayoibeba imeliwa na kutu. Ingia chini ugonge kwa nyundo, chuma kizima kinalia, cha kutu kinatoa sauti ya kufa na magamba yanadondoka.

Kupata tundu lenyewe unahitaji watu wawili, mmoja nje na mpira wa maji, mwingine ndani na tochi. Anzeni CHINI mpandishe taratibu, dakika kama 10 kila sehemu, maji ya kawaida tu bila presha. Ukianza na paa maji yanashuka kila mahali, yataingia na hutajua yameingilia wapi. Mi hapa niliwahi kujifanya mjanja, nikakata kona yote ya nyuma, nikaweka plaiwudi mpya safi, nikapiga vanishi mpaka inang'aa, mvua za kwanza tu kona ikaanza kunuka tena kwa sababu taa ya nyuma ilikuwa bado inaingiza maji, sikuwa nimemwaga maji hata kopo moja kupima. Kazi ya wiki mbili nikairudia.

Sasa matengenezo. Kipande kidogo kilichooza, cha ukubwa wa kiganja, ambacho hakiko chini ya ukuta, kikaushe kabisa halafu ukinyweshe epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili inayokauka ikawa ngumu) nyepesi ya kuingia ndani ya mbao. Kukauka maana yake kipimo cha unyevu kishuke chini ya asilimia 15, sio kuonekana kikavu kwa macho. Lakini hiyo epoksi ina mwisho wake, mtu anamwaga makopo manne kwenye sakafu iliyokuwa majani ya chai, anapata majani ya chai magumu. Mbao haina nguvu tena, itoe.

Kipande kikubwa kilichooza kata mpaka katikati ya boriti ili kipande kipya na cha zamani vyote vilale juu ya chuma. Kama hakuna boriti, weka ubao chini ya kiungio, upana wa sentimita 15 hivi, gundi na skrubu pande zote mbili. Pima unene wa plaiwudi ya zamani mahali pazima, sio palipovimba. Mengi ya Marekani ni kama milimita 16, ukiweka 18 kwa kusema ni imara zaidi mlango utagoma na ukuta hautaingia kwenye chaneli yake. Tumia plaiwudi ya majini au ya nje yenye gundi isiyoogopa maji, na ukingo wote wa plaiwudi uupake epoksi mara mbili au tatu kabla hujaifunga, maana maji yanaingilia ukingoni, juu ni nadra. Usitumie ile mbao iliyotiwa dawa ya shaba pale inapogusa alumini, inaila. Na pale alumini inapokutana na chuma weka utepe au rangi nzito katikati, huo unga mweupe unaouona kwenye maungio ndo alumini inavyoliwa ikishirikiana na chuma na unyevu.

Chuma chenyewe, kama kutu ni ya juu tu, brashi ya waya, rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kawaida. Kama bisibisi inatoboa, hiyo ni kazi ya kuchomelea.

SIMAMA HAPA kama ubovu umeingia chini ya ukuta mrefu. Kwenye matrela mengi ya alumini yenye umbo la yai, kama yale ya Airstream ya Marekani, plaiwudi imebanwa kati ya bodi na fremu, yaani sakafu ni sehemu ya mifupa sio zulia. Ukiitoa yote kwa mkupuo bila kufunga kuta kwa mihimili ndani, bodi inafunguka au kusinyaa na hairudi. Kipande kimoja kimoja unaweza, ukihitaji yote tafuta mtu aliyewahi kufanya. Fundi wa kuchomelea naye aambiwe ukweli: betri itolewe, mtungi uondoke kabisa, na sufi au foamu yoyote ya kuzuia joto karibu na moto iondolewe, ikiungua moshi wake ni sumu.

DALILI: Nyuma inaning'inia

Panda juu ya bampa la nyuma urukeruke kidogo, mwenzio aangalie mstari ambapo bodi inakutana na bampa. Bampa likishuka na bodi ikabaki, sakafu ya nyuma imeoza na bodi haijashika fremu tena. Matrela marefu yana huo ugonjwa sana, uzito wa nyuma na mitetemo ya barabara. Usilivute hata kilomita moja mpaka limefungwa upya, na hapa sakafu ya nyuma inabadilishwa, hakuna mjadala wa epoksi.

DALILI: Harufu ya uvundo ila sakafu ngumu

Toa riveti chache za bati la chini upande mmoja, uweke beseni, utashangaa. Sufi ya glasi imelowa, panya wamejenga, wakati mwingine vyote. Sufi iliyolowa haikauki humo ndani, tupa. Na ukiona panya jua na waya zimegugunwa, kwa hiyo twende kwenye umeme.

Umeme wa trela ni miwili, usiichanganye

Kuna wa betri wa volti 12, na kuna wa nje, volti 120 kwa matrela ya Marekani au 230 kwa ya Uingereza na Ulaya. Katikati yao kuna konveta inayogeuza ule mkubwa kuwa 12 na kuchaji betri. Wa 12 unaweza kujifunza mwenyewe, hauui mtu ila unaunguza trela. Mkubwa unaua.

Na rangi za waya USIZIAMINI. Kwenye umeme mkubwa wa Kimarekani mweusi ni laivu (unaoleta umeme) na mweupe ni nyutro (unaorudisha), halafu trela hilohilo upande wa volti 12 mweupe ndo hasi na mweusi unaweza kuwa chanya, na zinapita kwenye ukuta mmoja. Jumlisha mafundi watano waliolipitia kwa miaka 50, kila mmoja katumia waya aliyokuwa nayo mfukoni. Pima kila mmoja kwa mita, ubandike karatasi yenye jina.

DALILI: Taa za nyuma zimechanganyikiwa

Unaweka indiketa ya kulia, breki inawaka hafifu, taa ndogo zinapepesa. Tisa kati ya kumi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia fremu, huo ni mahesabu yangu ya kichwani lakini mtu yeyote wa matrela atakwambia hivyohivyo. Umeme umekosa njia ya kurudi basi unarudi kupitia taa ya jirani. Jaribio la dakika tano: taa zikiwa zimewashwa, vuta waya mrefu kutoka hasi ya betri ya gari mpaka kwenye chuma cha kishikio cha taa. Zikipona, umepata. Kama una mita, weka volti, ncha moja kwenye hasi ya betri nyingine kwenye ethi ya taa huku taa inawaka, ikizidi volti 0.2 kuna kutu njiani.

Ethi inaharibika wapi? Kwanza plagi ya kuunganisha gari, fungua uone pini za kijani. Pili skrubu ya ethi kwenye fremu iliyofungwa juu ya rangi, kwangua mpaka chuma king'ae, funga, upake grisi juu. Kisha kuna watu ambao hawana waya wa ethi kabisa, umeme unarudi kupitia ile bakuli na mpira wa chuma wa kuvutia, na mpira umepakwa grisi! Siku likiruka tuta taa zinazima. Vuta waya wa ethi wa kweli.

Kama ethi ni nzima, angalia kishikio cha taa kilichooza, halafu balbu yenye nyuzi mbili iliyowekwa kinyume au iliyobadilishwa na ya uzi mmoja. Na kuna hili linalosumbua sana: matrela mengi ya zamani ya Marekani breki na indiketa ni uzi mmoja uleule, wakati gari lako linaweza kuwa na taa hizo kila moja peke yake. Sio ubovu, unahitaji kale kaboksi ka kuunganisha kati ya gari na trela. Mwisho kabisa ni waya uliochubuka pale unapopita kwenye tundu la fremu bila raba.

DALILI: Taa za ndani hafifu au zinapepesa

Pima betri ikiwa imepumzika masaa kadhaa bila chaji wala mzigo. Ya asidi ikiwa volti 12.6 na zaidi imejaa, 12.2 iko nusu hivi, 12.0 kushuka chini imekwisha na ukiizoesha hivyo inakufa. Sasa unganisha umeme wa nje upime tena palepale, inatakiwa ipande 13 na ushee mpaka 14 na kitu. Ikibaki 12.4, konveta haichaji, anza na fyuzi zake kabla hujailaumu.

Hizo konveta za zamani zenye transfoma nzito zinazonguruma nina chuki nazo. Umeme wake una mawimbi, ukiweka taa za LED zinapepesa, na nyingi hazijui kupunguza chaji zinachemsha betri mpaka maji yanaisha. Kama yako ni hiyo, badilisha tu na ya kisasa. Baada ya hapo ni vishikio vya fyuzi vyenye kutu na waya nyembamba iliyoongezwa na mtu.

DALILI: Fyuzi inaungua kila ukiweka

Usiweke kubwa zaidi. Usiweke foili. Fyuzi inalinda waya, ukiweka ya ampea 30 kwenye waya wa ampea 15 umegeuza waya kuwa fyuzi, na waya uko ndani ya ukuta wa mbao.

Zima kila kitu cha mstari huo, halafu mahali pa fyuzi unganisha balbu ya breki ya volti 12 wati 21. Ikiwaka kwa nguvu kuna shoti. Anza kuchomoa matawi moja moja, ukichomoa lile lenye shoti balbu itazima. Haichomi kitu maana balbu yenyewe inabana mkondo usizidi kama ampea 2. Njia hii imenitunzia fyuzi nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Sababu: kama ndo kwanza umefunga sakafu mpya, ni skrubu yako imepita kwenye waya, usibishe, anzia hapo. Kisha waya uliochubuka kwenye fremu, panya, na mwisho kifaa chenyewe, hasa pampu iliyokwama. Na hakikisha kuna fyuzi kubwa karibu kabisa na chanya ya betri, matrela mengi ya zamani hayana na kipande hicho cha waya kikigusa fremu hakuna wa kukizuia.

DALILI: Ukigusa mlango unasikia inatekenya

Hii sio ya kuvumilia, na usiseme mbona nikivaa ndala sisikii. Bodi nzima ina umeme. Mtu aliyesimama peku kwenye nyasi zilizolowa akishika mlango ndo anamaliza safari. Usishike trela, kata umeme kule unakotoka, ndo uchomoe waya.

Inayotokea sana ni ethi ya umeme mkubwa (ule waya wa usalama) kukatika kwenye waya wa kurefushia au plagi, ikiambatana na kifaa kinachovujisha. Matrela mengine ya zamani hayakuwa na ethi kabisa, plagi ya miguu miwili. Halafu kuna nyutro na ethi zilizofungwa pamoja ndani ya boksi la trela, kwenye trela zinatakiwa ziwe MBALI, zinakutana kule umeme unakotoka tu. Kisha ni skrubu iliyogusa laivu.

Unachoweza kupima mwenyewe ni trela likiwa limechomolewa kabisa: mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), pini ya ethi ya plagi kwenda kwenye bodi isome chini ya omu 1. Pini ya laivu kwenda bodi, mita isionyeshe muunganiko wowote. Nyutro kwenda bodi, vilevile. Jibu likiwa tofauti kwenye lolote, kazi yako imeishia hapo, ita fundi umeme mwenye leseni na usiunganishe hata kwa dakika moja ya kuchaji simu.

DALILI: Kikata umeme kinaruka

Kile cha kulinda mtu kinaruka kwa uvujaji mdogo sana, milliampea 30 sehemu nyingi, Marekani kama 5. Chomoa vifaa vyote, rudisha kimoja kimoja. Wakosaji wakubwa ni elementi ya friji na ya hita ya maji, hasa hita iliyowashwa tangi likiwa tupu. Kisha soketi ya nje iliyoingia maji. Kikiruka hata kila kitu kimechomolewa, ni waya wa ukutani, fundi.

DALILI: Soketi inapata moto, harufu ya plastiki

Zima sasa hivi, sio baada ya chai kuchemka. Mara nyingi ni skrubu imelegea, au waya wa kurefushia umetumika ukiwa umeviringishwa ukajipasha moto. Ila angalia waya wenyewe: baadhi ya matrela ya mwisho wa miaka ya 1960 na ya 1970 yana waya wa alumini, rangi ya fedha badala ya shaba. Alumini inatanuka na kusinyaa, inalegea kwenye skrubu na kuota ganda, moto unaanzia hapo. Kuukunja pamoja na shaba kwa kofia ya kawaida ya kuungia waya ni kosa kubwa. Kuna viunganishi vyake maalum na fundi anayevijua, au vuta waya mpya wa shaba wakati kuta ziko wazi.

Ukishamaliza na uko tayari kufunga sakafu, pitisha kwanza waya za chini kwenye bomba la plastiki, raba kila tundu la fremu, piga picha ukiwa umeweka futi ya kupimia karibu na ukuta ili ujue waya uko sentimita ngapi, washa taa zote, mwaga maji dirishani na kwenye taa za nyuma mara ya mwisho, lala chini na tochi uangalie. Pakiwa pakavu ndo uchukue drili.